Daftari la Darasa la Pili

Januari, Makete. Ukungu umeingia darasani
kabla ya watoto.
Naita. Oresta Sanga: yupo.
Tulizo Mahenge: kashuka Usangu,
mama yake kafuata mpunga.
Pacha wa mzee Ilomo, wote wawili: viazini.
Nimeandika tisa. Madawati arobaini,
yaliyochongwa na baba zao
mwaka misindano ya kijiji ilipokomaa.

Barua ya wilaya inasema tumeshika mkia.
Nimeibandika mlangoni kama ilivyoagizwa.
Oresta kaisoma kwa kidole,
herufi kwa herufi, pua ikimchuruzika,
kisha kageuka:
"Mwalimu, mkia wa nani?"

Sikumjibu.
Kabeba daftari lake, kahama dawati,
la tatu wiki hii.
"Haya mengine," kasema, akifuta kwa kiwiko,
"yasipokaliwa yanaota uyoga."