Kiu ya Sohari

Sianzi kwa kusifia
panga zilizoingia;
ukitaka kusikia,
uniulize ya maji.

Jina langu Sulayimu,
miamba yangu elimu,
sururu yangu kalamu,
kizazi cha wachimbaji.

Babangu alitoboa,
jabali akaling'oa,
kiu akaiondoa
Sohari, bandari mji.

Tukashuka toka Nizwa,
mia sita tulotumwa,
bonde kwa jua lachomwa,
hata tukaona mji.

Wageni wamo ngomeni,
mizinga madirishani,
meli zao bandarini
zaleta vyote, si maji.

Mzinga wetu mmoja
hupoa tukiungoja;
ukuta ni wa vioja:
wameza chuma ja uji.

Tende zikaota funza,
homa nayo ikaanza,
wakafa wale wa kwanza
bila kuingia mji.

Usiku ule Amiri
aliniita kwa siri;
kahawa, kisha shauri:
"Nani kachimba falaji?"

Nikajibu, "Ni babangu."
"Wajua njia, mwanangu?
Kaizibe, na kwa Mungu,
siku tatu tuna mji."

Sikumtajia Raya,
dada, aliye na kaya
na kichanga, ni hidaya,
humo humo kwenye mji.

Mumewe auza ndimu,
kavu, nyeusi, adimu;
mwana sijamfahamu,
jina tu nalo: Siraji.

Nikajitia shimoni
na makuti mabegani,
kamba ya taa menoni,
natambaa kwenye maji.

Samaki wasio macho
wakanigusa kwa kicho,
nikakiona kilicho
kiganja cha mchimbaji.

Chokaani alibana
mkono, zamani sana;
vidole vyaonekana,
vitano, juu ya maji.

Chini yake nikaziba
kwa makuti na kwa toba;
baridi ikanikaba,
yakiniuliza, maji.

Siku ya tatu ikaja,
hakuna aliyekuja:
kumbe wageni wangoja,
wana birika la maji.

La mvua ya mwaka jana,
lalindwa, kufuli lina;
tone kwa mji hakuna.
Wenye kiu ni wenyeji.

Tuliwaona mapema
wanawake wakihema,
visimani wakizama,
wachota tope, si maji.

Ya tisa, na jua bado,
lango, pasipo kishindo,
lilifunguka, si nyundo:
walifungua wenyeji.

Katoka bibi mmoja
na mtungi, bila hoja,
pole akajikongoja,
akaulizia maji.

Ngome, kwa juma la pili,
bendera ikakubali,
wageni wakenda mbali,
tukaitwa wenye mji.

Mtunzi akasimama,
upanga akausema,
mzinga wetu, mzima!
Hakuyagusia maji.

Nikenda mbio kwa Raya,
ndimu zimejaa kaya;
yu hai, uso wa waya,
hakumtaja Siraji.

Akasema, "Nafahamu
mkono wa Sulayimu;
mwingine hana elimu
ya kuyafungia maji."

Nilirudi kuzibua,
mitende ikachipua;
kiganja kikanijua,
sikusema, wala maji.

Nikenda kumwamkia,
dada hunifungulia,
mkeka hunitandia,
kisha huyaleta maji.

Kikombe si cha wageni:
kidogo, cha utotoni,
hujaza hadi pomoni
kibakuli cha Siraji.

Hunitazama nikinywa,
tone lisije kumwagwa,
na neno halijasemwa.
Nami humaliza maji.