Dakika Mbili, Ukumbi wa Kaloleni

Nimepewa namba thelathini na saba
na kipaza sauti chenye joto la mkono wa thelathini na sita.
"Mama: jina, mtaa, hoja. Dakika mbili."

Naitwa Mutheu Ndunda. Nasaga unga, Makongeni,
mlango wa bati nyuma ya kanisa la Akorino.
Leseni ninayo. Nimeitundika ukutani
pale mwenzangu angetundika picha ya harusi.
Kando yake ya afya, ya zimamoto, ya mizani,
na ile ya kuandika jina langu mwenyewe
kwenye bati langu mwenyewe.

Kitabu chenu cha bajeti nimekisoma.
Kurasa mia tatu na kumi na mbili, kwenye simu ya mwanangu,
usiku, kalamu mkononi,
kama ninavyosoma daftari la wanaonidai.

Ukurasa wa themanini na nne: chai.
Chai hiyo, waheshimiwa, ingelipa umeme wa kinu changu
miaka kumi na mmoja.
Nilipiga hesabu mara tatu
nikidhani nimeongeza sifuri.
Ukurasa unaofuata: safari ya kujifunza
jinsi miji ya wenzetu inavyozoa taka.
Walikwenda kumi na tisa.
Taka ya hapo mlangoni mmeiruka mkiingia.

Tusikilizane.
Mtu akiniletea debe la mahindi
nami nikamrudishia nusu debe la unga,
hataniuliza dira yangu wala mpango mkakati.
Ataangalia chini ya pumba.
Kesho atavuka barabara, ataenda kwa Wambugu.
Ndiyo maana sithubutu.
Lakini mimi nikivuka barabara
bado niko kwenu.

Sisemi tusilipe.
Taa ya pale kona iliwaka miezi minne,
na miezi minne hiyo nilifunga saa tatu usiku,
nikatembea nikihesabu noti hadharani kama mwendawazimu.
Nilishukuru. Nilisema: hii hapa kodi yangu, imesimama juu ya mlingoti.
Ninachosema ni kwamba pesa ya serikali
sijawahi kuiona.
Nimeona yangu, nimeona ya fundi viatu,
ya dada wa mutura anayelipia futi nne za vumbi kila siku,
ikiondoka asubuhi na jina lake
na kufika kwenu haina mwenyewe.

Shemeji yangu Musembi aliwauzia madawati mia mbili.
Watoto walioyakalia wamekwisha ota ndevu.
Ankara yake mnasema iko kwenye faili,
faili iko kwa mtu, mtu yuko semina.
Benki ilikuja ikachukua randa, ikachukua msumeno,
ikamwachia penseli sikioni.
Na bado mnakopa.
Kukopa harusi, kulipa matanga, ni kweli,
ila hapa harusi ni yenu
na matanga ni ya Musembi.

Mama yangu, aliyeuza makaa na kuandika kwa mkaa,
alituimbia: mali bila daftari huisha bila habari.
Laiti angewaona ninyi!
Daftari mnalo, lina jalada linalong'aa,
na mali inaisha bila habari vilevile.

Hoja yangu, basi. Msiongeze.
Kabla ya ada mpya, futeni ukurasa wa themanini na nne.
Mlipeni Musembi.
Kikibaki kitu, rudisheni taa ya kona.
Kisipobaki, kaeni gizani kidogo pamoja nasi,
mjue mshumaa ni shilingi ngapi

Kengele.

Afisa akaandika: maoni yamepokelewa.
Namba thelathini na nane akainuka, akakohoa.

Mlangoni, msichana mwenye fulana mpya
iliyochapwa "Bajeti Yangu, Sauti Yangu"
akanipa soda na sambusa mbili ndani ya bahasha ya kaki.
"Ni ya serikali, mama. Ni bure."
Nikaketi kwenye ngazi.
Nilikuwa na njaa, sitadanganya.
Nikala zote mbili, nikalamba na vidole.
Nilikuwa nimeshazilipia.