Bili ya Meza ya Sita

Bawabu wa chuo bado ananidai kitambulisho.
"Wanafunzi foleni ile," asema,
na huu ni muhula wangu wa tatu kufundisha uhasibu,
nina miaka ishirini na saba, na viatu vya kisigino
nilivyovinunua Gikomba ili nifanane na mtu mwenye mkopo wa benki.

Saa mbili asubuhi, Chumba cha Kumi na Nne.
Projekta imegoma tena. Naandika kwa chaki:
kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka,
na vumbi linanishukia begani kama mba.
Nawaambia, hesabu haina binamu.
Wanacheka wote ila Ekiru,
aliyelaza shavu juu ya daftari
kana kwamba kuna mtu ndani yake anayemnong'onezea.
Namwita mara mbili. Anainuka,
anaomba radhi kwa sauti nzito ya baba wa watoto wanne,
kisha analala macho wazi.
Jaribio la pili alipata thelathini na nane kwa mia.
Pembeni niliandika, kwa wino mwekundu: Amka.

Ijumaa mshahara haujaingia.
Idara imetuma fomu ya kueleza kwa nini fomu ya kwanza ilichelewa.
Mama amepiga simu kutoka Nyamira
kuuliza kama huko chuoni hakuna walimu wa kiume.
Wapo, Mama. Wanakopa chaki zangu.

Jumamosi Nafula anagonga mlango wangu, Pangani,
amevaa rinda la rangi ya pilipili hoho.
"Leo husahihishi. Leo unasahihishwa."
Tunatembea hadi Ngara, Chelagat katikati,
tukiruka madimbwi, tukiwasengenya wakuu wa idara,
tukibishana nani anamdai nani tangu Krismasi.
Ghorofa ya tatu pana mahali pa mbuzi choma,
muziki unaokuachia nafasi ya kusikia umbea,
kachumbari ya kulipiza kisasi,
na meza ya sita inayochechemea, imekingwa kwa kadibodi.

Nilicheza. Kidogo, na vibaya,
kwa raha ya mtu asiyejulikana na yeyote.
Nilipogeuka, mhudumu alikuwa amesimama,
aproni nyeusi, sinia la mbavu mkononi, macho mekundu.
"Madamu," akasema Ekiru.

Sikujua niweke wapi mikono yangu.
Naye hakujua aweke wapi sinia.
"Tunafunga saa kumi alfajiri," akasema, na sikuwa nimeuliza,
"kisha naoga, naja kwako."
Chelagat akapaliwa na soda.
"Darasani," akaongeza upesi. "Naja darasani."

Bili ikaja juu ya kisahani.
Niliisoma ninavyosoma karatasi zao,
kwa kidole, kutoka chini kwenda juu.
Mbavu kilo moja na nusu. Ugali. Soda mbili.
Tulikunywa tatu. Iliyokosekana ni tangawizi, yangu.
"Umesahau moja."
Alikuwa akitazama taa za barabara ya Thika kule chini.
"Sikusahau, Madamu."

Nikatoa kalamu. Ndiyo, ile ile;
hainitoki mkobani hata siku ya kucheza.
Nikaiandika tangawizi mstari wa mwisho,
nikajumlisha upya, nikalipa, nikaongeza kidogo.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.
Kwenye ngazi Nafula akaniambia, "Wewe huna dawa."
Sikumjibu. Nilikuwa nalihesabu lile neno moja, Amka,
na sikujua niliweke upande gani.

Jumatatu. Bawabu anataka kitambulisho.
Projekta imefufuka, imekata roho.
Ekiru ameshafika, shavu juu ya daftari,
na jirani yake amenyoosha kalamu ili amchome ubavuni.
Namtikisia kichwa: mwache.
Sijui kama huu ni wema au ni uvivu;
mtihani uko palepale, Novemba, na hautamhurumia.
Baada ya kipindi nitamwita, tupange saa nyingine.
Kwa sasa navuta pazia la upande wake, lile lenye tundu,
tunafungua sura ya saba, madeni yasiyolipika,
naandika polepole
chaki isilie.