Mkono wa Kulia

Tulikuwa wanne kwenye meza moja, Homs,
na maiti mmoja anayenuka fomalini.
Muayadi alipewa mkono wa kushoto,
mimi wa kulia.
Mwalimu mmoja. Kisu kimoja, tukipokezana.

Leo Muayadi ni daktari mjini Mainz.
Mimi niko Wiesbaden, ng'ambo ya Rhine,
na mkono wangu wa kulia bado unachunguzwa.

Jimbo lake lilisoma vyeti, likagonga muhuri.
Jimbo langu linauliza: saa za anatomia zilikuwa ngapi?
Nani alizihesabu? Zi wapi karatasi za mwaka wa tatu?
Bibi Odenthal wa dirisha namba saba si mtu mbaya.
Hunipa peremende. Huniambia, "Bado."

Usiku nalisha wazee uji wa shayiri, nabadilisha shuka.
Juzi Bwana Krautwig alishika kifua
nami nikajua kabla hajakunja uso.
Nikapiga simu, kama nilivyoagizwa,
nikasimama kando ya kitanda nikihesabu mapigo
nisiyo na ruhusa ya kuyaandika.

Akaja daktari wa zamu, kijana, jasho linamtoka.
"Nani kahesabu?"
"Msaidizi tu," akajibu mwenzangu,
wala hakusema uongo.

Jumapili huvuka daraja kwa miguu.
Muayadi hupika dengu, zikaungua kidogo, tukala.
Safari hii alisahau jina la mshipa wa fahamu,
ule mwembamba upitao chini ya kidole gumba.
Nikamtajia.
Kisha nikamwonyesha ulipo,
kwenye mkono wake,
wa kushoto.