Ubao wa Sitini na Moja

Kisii ni mji uliopandwa, haukujengwa:
kila nyumba imeshika kilima kwa kucha.
Upande huu Mlingoti, upande ule Tangi,
nyuma yao Mikaratusi, penye ukungu hadi saa nne,
na chini, kati ya magoti yao, Nyakomisaro
ukibeba povu la waosha magari.

Mama alikaa Mlingoti. Dada yake, Kwamboka, Tangi.
Kwa miguu ni kushuka saa nzima, kupanda saa nzima,
utelezi, migomba, mbwa wa mwalimu Ombongi.
Kwa sauti ni pumzi moja.
Basi mama husimama juu ya jiwe, kiganja kando ya mdomo:
“Kwambokaaa! Chumvi!”
Nacho kilima kikarudisha: umvi, umvi.
“Ng’ombe kazaa!”
“Ndume?”
“Ndume!”
Waosha magari wakadakia kutoka chini,
hongera, hongera, wakigonga ndoo.
Hatukuwa na siri,
au ndivyo nilivyodhani,
mimi mtoto wa kuazimwa koo
siku mama alizoshikwa na mafua.

Mwaka juzi kaunti ikaja na kamba za chuma.
Nami, Onserio, fundi wa kuchomelea, nikapata kibarua:
njia ya miguu kutoka bustani hadi bustani,
ngazi za matairi makuukuu yaliyojazwa kokoto,
mabenchi ya mawe laini ya Tabaka,
na madaraja mawili ya kuning’inia.
Mbao mia moja na kumi na tatu juu ya Nyakomisaro,
kila mmoja nimeuandika nambari kwa chaki, kwa chini,
mahali pasiposomwa ila na ndege.

Utepe ukakatwa. Soda zikamwagika.
Bibi harusi mmoja akavushwa, shela imemtangulia.
Mama akatazama, akasema:
“Daraja hilo linacheka. Mimi sivuki juu ya kicheko.”
Miezi minne akabaki pale jiweni akiita,
na watu wakimpita, wakienda kule kule anakoita.

Akavuka Jumanne moja bila kuniambia.
Nilikuwa chini ya mbao, nimejifunga mshipi, spana mkononi.
Nikaijua miguu: kisigino cha kulia huburuta.
Viatu kwapani. Anahesabu kwa Ekegusii,
anapotea, anaanza tena moja.
Ng’ambo, Kwamboka kasimama kimya,
kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

Wakaketi benchi la kwanza.
Nikangoja kelele; sikio langu limezizoea.
Zikaja sauti ndogo,
za watu wanaoambua maharagwe.
Nikasikia jina langu.
Kisha jina jingine, Nyamari, mara mbili,
na mama akilia bila kufunika uso.

Nyamari simjui.
Nyumbani hakuna picha yake,
wala kaburi, wala nguo.
Miaka thelathini na minane, umri wangu wote,
jina hilo limekaa vifuani mwa watu wawili
kwa kuwa bonde ni pana
na kuna maneno hayapaazwi.

Sijauliza.
Labda mvua zikiisha. Labda kule Mikaratusi,
kwenye benchi lililopewa mgongo na upepo.

Waosha magari hunisimamisha:
“Mama yako yu hai?
Mbona siku hizi hatujui chumvi ikiisha?”
Nawaambia yu hai. Nawaambia chumvi ipo.

Jana msimamizi kapita na daftari lake:
ubao wa sitini na moja unalia, kaza.
Nikashuka, nikaushika, nikazungusha nati
nusu,
halafu nikairudisha ilipokuwa.
Haumwangushi mtu. Unalia tu,
na kisigino cha kulia kikiukanyaga
nausikia kutoka kitandani,
najua ameshafika katikati.