Ushauri Nisioulizwa

Karibuni, ketini. Kiti kile ni cha paka,
ninyi kaeni hiki kirefu.
Chai ina tangawizi. Ewan, ukiungua usione haya,
bwana harusi wa mwisho kuinywa hapa alitoka machozi
na mkwewe akampenda papo hapo.

Mmesema Desemba. Sawa.
Lakini Desemba ya Dundee, jua ni mgeni asiyevua viatu:
huingia saa tatu kasorobo,
saa tisa na nusu ameshaaga.
Basi ndoa iwe saa sita, na saa sita iwe saa sita.
Salha, waambie shangazi zako
msajili wa halmashauri hamngoji mtu anayetafuta pini ya mtandio.

Wazee wapigwe kwanza.
Baridi ya mto Tay inawapenda
kuliko tunavyowapenda sisi.
Watoto, kabla ya keki; baada ya keki sina jukumu.
Hina ikauke usiku kucha, usiniletee viganja vya haraka.
Tengeni dakika kumi zisizo na kazi yoyote.
Kila harusi ina dakika kumi zinazopotea,
afadhali mzipoteze wenyewe.
Na mle. Nimeona maharusi wengi
wakiitazama sahani kama picha ya mtu.

Mengine?
Salha, mtafsirie: anauliza mengine,
eti nimeona wengi.

Harusi mia tatu na kumi na moja. Nazihesabu,
kama dereva anavyohesabu kilomita,
na dereva hajui abiria walishuka wakaenda wapi.

Morag na Stuart nilikwenda nao kwenye magofu, machweo,
shela ikapeperuka bila kuombwa.
Kila fremu ilitoka tamu. Nikaibandika moja
dirishani, kubwa, watu wa Perth Road wakasimama.
Mwezi wa kumi na nane ikaja barua ya wakili:
picha hizi, ni mali ya nani?
Nikaibandua. Gundi imebaki, pembe nne kwenye kioo,
naikwangua kwa kucha nikiwa kwenye simu.

Nuru na Idarus, hao waligombania mwavuli.
Mwavuli mmoja, wa kuazima, mvua ya ubavuni,
upepo ukaupindua kama bakuli,
na Nuru akatamka neno la Kiamu
ambalo siwezi kulirudia mbele ya paka.
Katika picha arobaini, thelathini wamenuniana.
Nikamnong'oneza msaidizi wangu: hawa hawafiki Pasaka.

Mwaka jana walikuja kupiga picha za pasipoti,
wao na watoto watatu. Mwavuli ule ule,
ubavu mmoja umefungwa uzi wa kushonea.
Nilitaka kuuliza. Nilishafungua mdomo.
Lakini Nuru alikuwa akimwambia Idarus
kauweka vibaya, unadondosha maji kwenye zulia la watu,
na Idarus akisema zulia lenyewe limeshachakaa,
na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kwa hiyo mimi nashauri juu ya mwanga.
Mwanga naujua: ukija ubavuni unasamehe,
ukija juu ya kichwa unachimba makaburi chini ya macho.
Zaidi ya hapo
ningekuwa nauza nisichonacho dukani.

Yangu? Ipo. Albamu nzima, darini,
ngozi ya ndama, kurasa sitini.
Mpiga picha alikuwa stadi sana.

Haya. Saa sita. Wazee kwanza. Viatu vya akiba,
mawe ya kanisa lile kuukuu yanateleza hata kiangazi.
Ewan, legeza bega, umeukalia mtandio wake
tangu mlipoketi, naye amenyamaza tu.
Hapana, usiombe radhi kwangu.

Amana ni pauni mia mbili, na hairudi.
Neno hilo lina maana nyingine kwetu.
Muulize Salha, mkiwa njiani.