Karani wa Nyongo

Daktari wa usingizi alikataa.
Alishika picha ya moyo kwa vidole viwili
kama mtu aliyeletewa hati ya shamba lenye mgogoro,
akasema: moyo wa mama yenu ni mpana.
Dada yangu Holo akacheka, palepale koridoni,
maana Igogo nzima hakuna aliyewahi kumsingizia mama
moyo mpana.

Miaka thelathini na minne hasalimiani na Masunga,
karani mwenzake wa pamba kule jineri,
aliyesema mbele ya meneja: Nyanjige anachezea mizani.
Mizani ikakaguliwa. Ikakutwa sawa.
Masunga hakusema kitu.
Mama naye hakusema kitu,
hadi leo.

Sasa homa, siku ya tano,
maumivu chini ya mbavu za kulia yakipanda hadi begani,
na kifuko cha nyongo kimevimba kama kibuyu kilichosahauliwa na maziwa ndani.
Kumpasua ni kumlaza, na kumlaza
huenda akalala moja kwa moja.
"Basi hatupasui," alisema Dakta Kokuteta wa chumba cha picha.
"Tutatoboa tundu."

Tundu!
Ganzi kidogo ubavuni, macho ya mama wazi,
sindano ikipenya ini, ikiongozwa na kioo chenye mvua nyeupe.
Nyongo mkalia ini,
leo umefuatwa hukohuko ulikokalia
na mrija mwembamba kuliko wa soda.

Kilichotoka kwanza hakikuwa nyongo.
Kilikuwa kizito, rangi ya maji ya ufukweni
pale gugumaji linapoozea.
Muuguzi aligeuza uso. Mama hakugeuza.
Aliuliza: "Ngapi?"

Tumerudi nyumbani na mfuko.
Unaning'inia kiunoni, chini ya khanga,
na kila asubuhi, saa kumi na mbili, mama huutoa kwenye mwanga,
huinama hadi jicho liwe usawa wa maji
(asomaye akiwa juu, anasema, hujipunja mwenyewe),
kisha huandika kwenye daftari la mraba:
Jumanne, 210. Jumatano, 185, kijani. Alhamisi, 190.
Safu ya namba, safu ya rangi, safu ya maoni.
Kwenye maoni ya Ijumaa ameandika: nimekula ugali.

Mimi husukuma maji ya chumvi, mililita kumi, mrija usizibe.
Mkono wangu hutetemeka. Wake hautetemeki.

"Na jiwe?" nilimuuliza Dakta.
"Jiwe limebaki. Moyo ukipata nguvu, baada ya wiki sita tutazungumza.
Huenda tukalitoa. Huenda tukaliacha."
Usiku ule sikulala, kwa ajili ya hilo huenda.

Lakini toka nje uutazame mlima wetu.
Nani aliwahi kutoa jiwe hapa Igogo?
Baba alilikuta, kubwa kuliko nyumba aliyoiwaza,
akapinda jiko, akapinda uchochoro,
ukuta mmoja wa chumba chetu ukawa jiwe lenyewe;
tuliegemeza migongo yetu ya utotoni humo, baridi ya mwezi wa saba.
Juu yake mama huanika michembe.
Ubavuni pake baba alichimba mfereji, shibiri moja tu,
mvua ipate pa kupitia.

Jumamosi Masunga alikuja.
Alipanda ngazi za mawe akipumzika mara nne, nilihesabu,
na sato kwenye kikapu: wa kuchemsha, si wa kukaanga.
Alikuwa ameulizia.
Alikaa. Akatazama kiuno cha mama, akatazama ukuta.
Hakuomba radhi; sijui hata kama alilijia hilo.
Alisema, "Inasoma ngapi?"

Mama alinyamaza hadi chai ikapoa.
Kisha akafungua khanga, akauinua mfuko kwenye mwanga wa mlango.
"Njoo usome mwenyewe," alisema.
"Lakini inama."